Mwaka Tuliokuwa na Mgeni Mmoja

Mhasibu hupendwa siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote ni mtu wa kudai risiti, na akipita ukumbini watu huficha vikombe vyao vya chai kama vile atavipiga bei. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi zinazowatoa wageni pumzi kabla hawajaviona vyumba vyao. Mimi ni mwanamke wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, wa Amani. Nilipoajiriwa, majirani walinitania kwamba nakwenda kushinda na majini ya mji. Niliwajibu kwamba majini hayana taabu, wenye taabu ni wakaguzi wa hesabu.

Kila mwisho wa mwezi niliandika ripoti: vyumba vingapi vimekaliwa, kwa bei gani, umeme umekula kiasi gani, jikoni kumetumika nini. Vyumba vyetu vyote vilikuwa na bei isipokuwa kimoja. Chumba namba saba, chenye roshani inayotazama njia, kila mwezi nilikiandika kwamba kimekaliwa, na kwenye safu ya mapato nikaweka sifuri. Nilifanya hivyo mpaka mkono ukazoea.

Humo alikuwa akiishi Bimkubwa, ndivyo sote tulivyomwita. Nyumba ile ilikuwa yao. Alizaliwa humo, akaolewa humo, akawa mjane humo, na paa lilipoanza kuvuja na ndugu wakataka urithi wao, alikubali iuzwe kwa sharti moja: yeye asitoke. Aliyeinunua na kuifanya hoteli alikuwa mzee muungwana wa hapa hapa mjini. Alimwahidi chumba chake, chai yake na chakula chake maisha yake yote. Wakasoma Fatiha, wakala halua, wakanywa kahawa, yakaisha.

Msimdhanie bibi mpole wa kutoa wasia. Bimkubwa alikuwa na ulimi. Alikaa roshanini tangu asubuhi akiwakagua wageni wanaoingia, na nilipopanda alasiri kumuaga kabla ya kwenda nyumbani, alikuwa na ripoti yake tayari, kamili kuliko yangu.

"Yule mwanamke wa kofia hali kitu," aliniambia siku moja. "Anakipiga picha chakula, kisha anakitazama. Mwambieni mpishi asijisumbue kutia chumvi."

Halafu angeuliza, "Leo tumejaza?"

Alisema *tumejaza*. Wageni walikuwa wake. Nikimwambia tumejaza, alifurahi kama mtu aliyeoza binti, na nikimwambia bado vyumba vitatu, alilaumu chai. Alikuwa na ugomvi wa kudumu na chai ya hoteli, ile ya vipakiti vyenye uzi. "Chai ya kamba mimi sinywi," alisema. "Mie si ng'ombe." Mpishi ilibidi amchemshie yake kwa iliki na tangawizi katika buli lake mwenyewe.

Miaka michache kabla ya maradhi yaliyosimamisha ndege dunia nzima, yule mzee muungwana aliuza hoteli kwa kampuni moja ya Dar es Salaam yenye hoteli katika miji mingine. Yeye akahamia kwa watoto wake ng'ambo ya bahari, na huko huko akafariki. Ripoti zangu zikaanza kuvuka maji. Hakuna aliyeniuliza kuhusu namba saba, kwa sababu miaka ile biashara ilikuwa nzuri, na penye faida watu hawasomi mistari ya chini.

Kisha yakaja maradhi yale ya dunia nzima. Kwetu yalianza na simu. Simu ya mapokezi ililia siku tatu mfululizo na kila aliyepiga alitaka kitu kimoja, arudishiwe pesa zake. Wageni wa mwisho walikuwa mume na mke walioondoka na ndege ya mwisho, wamevaa barakoa, wakitupungia mikono kwa mbali kama watu wanaoogopa kutuaga. Baada yao mlango ulifungwa upande mmoja, na upande wa pili ulibaki wazi kwa ajili ya paka.

Makao makuu waliniagiza niandike barua za likizo bila malipo. Niliziandika zote kwa mkono wangu, za wapishi, watandika vitanda, vijana wa mizigo, na yangu haikuwamo. Walikuja kuzichukua mmoja mmoja, wakanisalimia kwa adabu, wakaniuliza watoto hawajambo. Mmoja wa watandika vitanda, mama wa kutoka kaskazini, alisema, "Ahsante," kisha akasimama pale akiwa hajui ahsante hiyo ni ya nini. Tulibaki watano: meneja, mpishi mmoja, fundi, mlinzi na mimi.

Mwisho wa mwezi ule nilifungua kompyuta kuandika ripoti. Mapato, hakuna. Bukingi za mwezi ujao, hakuna. Vyumba vilivyokaliwa: kimoja. Mashine ilijaza yenyewe, maana haikujua tofauti ya Bimkubwa na mtu wa Italia.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Watu walikuwa wakizikwa, wenzangu walikuwa nyumbani hawana mshahara, na mimi nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kubwa. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri, nikapanda namba saba, nikavua viatu, nikakaa juu ya mkeka wa Bimkubwa mpaka alasiri. Tukikaa mbali mbali, madirisha wazi, kama walivyotuambia. Mji ulikuwa umerudishwa kwa wenyewe. Tulisikia mtu akikohoa nyumba ya tatu na tukajua ni nani. Tulisikia watoto wakicheza gololi uchochoroni mahali ambapo miaka yote walikaa wauza picha za tingatinga.

Bimkubwa alinitembeza ndani ya nyumba, chumba hadi chumba, nikiwa nimeshika funguo zote kiunoni. Namba tatu ndipo alipozaliwa mama yake. Namba kumi na moja ilikuwa ghala ya karafuu, na alidai ukibandika pua ukutani mpaka leo utazisikia. Nilibandika pua, nikasikia harufu ya rangi ya ukuta tu, lakini nilimwambia ndiyo. Tulipofika ofisini kwangu alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ndo hapa unapokaa na makaratasi yako?"

"Ndiyo, Bimkubwa."

"Mwanangu, hapa palikuwa choo."

Ramadhani ya mwaka ule mpishi alitupikia futari ya watu sita tu: ndizi mbichi za nazi, uji wa pilipili manga, tambi. Tukaila chumbani kwake, mlinzi akiwa kakaa kizingitini. Mimi nilikuwa na watu wangu nyumbani Amani wa kufuturu nao, nikawa natafuta sababu za kuchelewa. Nimefunga Ramadhani kadhaa baada ya ile, zenye vyakula vingi zaidi na pesa zaidi. Natamani ile. Natamani sauti ya Bimkubwa ikisema uji hauna sukari, na sote tukijua sukari imekwisha na kampuni haijaidhinisha nyingine.

Baada ya Idd makao makuu wakaitisha mkutano wa kompyuta, kila mtu ndani ya kijisanduku chake. Mkuu wa fedha alitusomea hali ya kampuni. Hoteli zote zilikuwa hazina watu, mkopo wa benki ulikuwa unakwenda mbele kama kawaida, na akiba iliyobaki ilikuwa ya miezi ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Alifika kwenye ripoti yetu, akakunja uso, akauliza, "Huyu mgeni wa namba saba ni nani? Anakula, anatumia umeme, halipi. Tena naona halipi tangu tununue."

Nikamweleza.

"Sawa," akasema. "Nitumie mkataba wake."

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilifundishwa methali hiyo skuli, nikaja kuwa mhasibu, na mkataba haukuwapo. Haukuwapo kwa sababu yangu mimi.

Ilikuwa hivi. Yule mzee muungwana, wiki moja kabla ya kuuza, aliniita. Akanambia kampuni za siku hizi haziijui Fatiha, zinajua sahihi. Niiandike ile ahadi katika karatasi, nimpelekee Bimkubwa aitie sahihi, kisha mimi niiambatanishe na hati za mauzo ili wanunuzi wawe wameikubali. Niliiandika vizuri, ukurasa mmoja. Ilisema chumba ni chake, pamoja na chakula, *mpaka atakapofariki*. Nikaitia mkobani nikapanda. Bimkubwa alinikaribisha, akaniwekea halua na kahawa, akaniuliza hali ya mama yangu aliyekuwa mgonjwa wakati ule. Nikapeleka mkono mkobani, nikaishika karatasi, na mkono ukakataa kutoka. Kwetu humuwekei mtu mzima mbele yake waraka unaozungumzia kufa kwake ukamwambia tia sahihi hapa chini. Ni sawa na kumuonesha sanda ukamuuliza kama inamtosha. Nilitafuta neno lingine kichwani badala ya *atakapofariki*, sikulipata. Nikala halua, nikanywa kahawa, nikaaga.

Kesho yake mzee aliniuliza, "Ile karatasi tayari?" Naye pia mtu mzima, na niliona haya kumwambia nilishindwa. Nikajibu, "Tayari, mzee." Nilikusudia kuipeleka siku ile ile. Kisha nikakusudia keshoye. Hati za mauzo zilikwenda bila yake, na karatasi ikabaki ndani ya mtoto wa meza yangu miaka yote hiyo, chini ya risiti za gesi.

"Makubaliano yalikuwa ya mdomo," nilisema kwenye mkutano.

Mkuu wa fedha alivua miwani akajisugua macho. Alisema anasikitika. Kama pangekuwa na karatasi, angeipeleka kwa wakubwa na wasingekuwa na la kusema. Lakini hoteli itafungwa kabisa, umeme utakatwa, atabaki mlinzi peke yake, na kampuni haiwezi kumuacha mtu mzima peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, tena kwa hisani. Akauliza kama ana jamaa. Nikasema ana mpwa wake Kiembe Samaki.

Nilipanda kumwambia mimi, maana meneja alisema mimi ndiye niliyemzoea. Nilimwambia hoteli inafungwa kidogo kwa ajili ya maradhi.

"Kidogo siku ngapi?"

"Siku mbili tatu, Bimkubwa."

"Na n'tarudi lini?"

"Ndege zikianza kuja, inshaallah."

Aliitikia kwa kichwa. Jambo hilo lilimuingia akilini, ndege hazipo, wageni hawapo, basi na mwenye wageni apumzike. Tulimpakia garini yeye na vitu vyake, na buli lake akalipakata.

Kiembe Samaki ni karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa nikimtembelea kila Jumapili. Nyumba ya mpwa wake ni nzuri, ya matofali, chumba chake kina feni na mke wa mpwa ni mtu wa heshima. Lakini haina ghorofa na haina roshani. Bimkubwa alikaa barazani akitazama ukuta wa jirani, na mbingu juu ilikuwa kimya. Kila nilipofika swali lake lilikuwa hilo hilo: "Ndege zimeshaanza?" Na mimi nikafurahi kwamba bado, kwa sababu nilikuwa na jibu.

Zikaanza. Ilianza moja, kisha kadhaa, na katika muda mchache makao makuu walinipigia simu tufungue. Wenzangu wakarudi, si wote; yule mama wa kaskazini alikuwa ameshafungua kibanda cha kukaanga samaki, akasema harudi kutandika vitanda vya watu. Agizo lilikuja kwamba kila chumba kinachoweza kuleta shilingi kilete. Namba saba ikapakwa rangi, ikatiwa kitanda cha chandarua kilichochongwa, na kwa kuwa ndiyo yenye roshani, ikapewa bei ya juu kuliko vyumba vyote. Siku ilipouzwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyeingiza hesabu. Niliifuta sifuri, nikaandika namba. Naikumbuka namba hiyo kama watu wanavyokumbuka tarehe ya msiba.

Mambo yalipoanza kutengemaa, makao makuu walituandikia barua ya pongezi. Hoteli ya Unguja, walisema, imeanza kupumua kabla ya zote. Na juu ya barua, kwa herufi kubwa, wakaweka methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Meneja aliibandika ukutani mapokezi. Mimi nilikuwa nikipita pale nikijua mwenyeji wetu yuko Kiembe Samaki, na nikageuza uso.

Nilipunguza kwenda. Jumapili moja nilikuwa na mgeni, nyingine mtoto ana homa, nyingine sikujitafutia hata sababu. Nilimkumbuka kila siku kwa sauti yake, kwa ubishi wake, na nilikuwa namkimbia. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, nimeona mwenyewe. Mpaka mke wa mpwa wake aliponipigia simu akasema, "Bi anakuulizia. Njoo, tafadhali."

Nilimkuta chumbani, kakaa kitandani. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umenkimbia."

"Kazi, Bimkubwa."

"Na kazi ipo, mie nnajua. Ndege nnazisikia. Leo peke yake zimeshapita nne juu ya bati hili. Mbona hamji kunchukua?"

Mke wa mpwa, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, alisema haraka, "Watakuja, Bi, inshaallah."

Nikaona kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akijibiwa kila siku, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha. Nikaanza kumueleza. Nikamwambia palikuwa na karatasi, zamani, kabla ya hoteli kuuzwa.

"Ile uliyokuja nayo mkobani?"

Nilishtuka. "Uliiona?"

"Nliiona. Ncha yake ilitokeza. Na mzee mwenyewe alikuwa kashanambia n'taletewa kitu nitie sahihi. Nkavaa na miwani nkangoja. Ukala halua, ukanywa kahawa, ukasema haya Bimkubwa, nnakwenda zangu."

"Mbona hukuniuliza?"

"N'takuulizaje? Ungesema siamini neno la yule mzee. Nlisema moyoni, labda atarudi nayo kesho."

Mimi nilikuwa nikimsetiri yeye na yeye alikuwa akimsetiri mzee, sote watatu watu wa adabu kubwa, na kwa adabu hiyo Bimkubwa amekosa nyumba.

"Basi ilete sasa," akasema. "Hata leo. Mkono wangu bado unaandika."

Mke wa mpwa alinitazama. Nilijua anachonisihi kwa macho. Inshaallah ni neno la Mwenyezi Mungu, lakini sisi tumeligeuza pazia la kujifichia, na lilikuwa pale pale ulimini, tayari kunitoka.

"Haitafaa kitu, Bimkubwa," nikasema. "Chumba wanakiuza. Hurudi tena."

Ndege nyingine ikapita na yeye akasubiri mpaka sauti ikaisha.

"Wanakiuza kwa bei gani?"

Nikamtajia.

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku moja."

"Na kinajaa?"

"Kinajaa, Bimkubwa."

Akatikisa kichwa polepole, akamwita mke wa mpwa wake. "Njoo uondoe redio hii." Redio ilikuwa juu ya kijimeza kilichofunikwa kitambaa, pembeni ya kitanda. Mara zote nilizokwenda nilikuwa nikiweka kikombe changu pale. Kitambaa kilipoondolewa hakikuwa kijimeza. Lilikuwa sanduku lake la nguo, limefungwa kamba, vile vile lilivyoteremshwa garini siku tuliyomtoa. Tangu siku ile alikuwa akifua na kuvaa magauni mawili tu.

"Zitundikeni," akasema.

Mke wa mpwa akaenda kutoa nguo zake mwenyewe kabatini apate nafasi, akilia bila sauti. Nikaifungua kamba. Nikazitundika moja moja, kanga, baibui, magauni, na Bimkubwa akinielekeza ipi ikae wapi. Mwisho akatoa chini ya mto wake gauni jipya la hariri, la rangi ya zambarau, uzi wa fundi bado unaning'inia. Nikalichukua kulitundika akanikataza.

"Hilo nlishona la siku ya kurudi," akasema. "Lete nilivae."

Nikamsaidia kusimama, nikamvisha. Lilikuwa limeshakuwa kubwa kwake. Nikamfunga vifungo vya mgongoni kwa pupa, mpaka akaniambia nisifanye haraka, hana pa kwenda.